Kopo Lililofunguliwa Elerai

Njoni, enyi wa Elerai na wa Sakina, nanyi wa Oldonyo Sambu waacheni ng'ombe wanywe wenyewe. Nawe Mlima Meru, vua kilemba chako cha mawingu unitegee sikio, kwa maana nataka kusimulia vita iliyopiganwa mchana kweupe, uwanjani pa kanisa, jemadari wake nikiwa mimi, Marta mjane wa Ezra, Simba Jike mwenye magoti mabovu.

Zama hizo biashara ilikuwa imefunguliwa milango nchi nzima, na kila mwenye mdomo alikuwa na kitu cha kuuza. Ndipo akatushukia Pudensiana, binti wa Marangu, amevaa suti na viatu vinavyolia kama kwato za farasi, akatukusanya ukumbini akanena: "Mama zangu, hapa hatuuzi unga. Tunajenga jeshi! Ingiza mtu mmoja awe mkono wako wa kulia, mwingine awe wa kushoto, nao waingize wa kwao, nawe utakaa barazani fedha ikikutafuta kama ndama amtafutavyo mama yake."

Nikaamini. Nani asiyependa kutafutwa? Nikachukua makopo ya unga wa lishe, ya kijani, yenye picha ya mzee wa Kizungu anayekimbia, nikatawazwa kwa cheo cha Nyota Inayochomoza.

Mkono wa kulia niliupata upesi: mke wa mwanangu Abdiel, naye angekataaje? Lakini wa kushoto, jamani, ulinitoa kamasi. Nilimkusudia Ndeshi, jirani yangu, ambaye tangu nywele zetu zikiwa nyeusi alikuja kila alasiri kukalia kigoda chake jikoni kwangu, tukipukuchua maharage na kuwasema watu. Nikamhubiria habari ya mikono, akacheka. Kesho yake nikamhubiria tena, nikamchorea miduara mavumbini kwa kijiti. Hakuja tena. Tukikutana njiani anajitumbukiza kwenye migomba, mwanamke mzima, kitenge chekundu kikichungulia kila upande. Kigoda chake akakirithi paka. Moyo wangu ukagawanyika: nusu ilitaka mkono wa kushoto, nusu ilimtaka Ndeshi, nami kwa ujinga wa majemadari nikadhani ni kitu kimoja.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Usharika wetu huleta ndizi, mayai na kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Hapo nikatunga hila kuu: nikaliweka kopo langu la mwisho kati ya mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Atakayelinunua, nikawaza, kajiingiza mwenyewe. Huyo ndiye wa kushoto.

Elinami, mzee wa kanisa mwenye sauti ya tarumbeta, akaliinua juu. "Wapendwa! Chakula cha mashujaa hiki! Nani anakitaka?"

Hata jogoo aliangalia pembeni.

Mwalimu wa kwaya akalinunua, kwa huruma. Nikakunja mikono ya gauni nikamkamate. Lakini nilikuwa nimesahau, mimi niliyekulia kwenye minada hiyo, kwamba mnunuzi ana ruhusa ya kurudisha alichonunua, fedha ikabaki ya kanisa. "Namrudishia Bwana," akasema harakaharaka, "kinadiwe tena!" Mwinjilisti akalinunua, akarudisha. Fundi Yiamat wa Sakina akalinunua, akamzawadia mchungaji, mchungaji akalishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto aliyejikojolea, akasema, "Nimelibariki. Liendelee." Kopo likazunguka uwanja mzima, kila mtu akililipia, hakuna aliyelitaka, mpaka Elinami akapaza sauti: "Haleluya! Mama Abdiel, mwakani leta mawili!"

Kicheko kikavuma. Na mimi, Nyota Inayochomoza, nikatamani kutua. Nikakumbuka makopo yote tuliyopitishiana jeshini: sikumjua hata mmoja aliyewahi kulifungua lake. Jeshi zima tulikuwa tunasukumiana tu.

"Nalichukua mimi!"

Kitenge chekundu. Ndeshi akalipa, akalibeba kopo, akaja moja kwa moja mbele yangu.

"Mama Abdiel, hili nakuzawadia wewe. Mzigo wako huo."

"Basi umeingia," ulimi ukanitangulia, "wewe sasa ni mkono wangu wa—"

"Malizia hilo neno, nirudi kwenye migomba."

Enyi vizazi vijavyo! Wako waliorudisha nyuma majeshi. Mimi nilirudisha neno moja, nalo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza lilivyo, na pembe zake.

"Chai?" nikasema.

"Nilidhani hutauliza."

Alasiri hiyo paka akapinduliwa kutoka kwenye kiti chake cha enzi. Tukalibandua kopo kifuniko kwa mpini wa kijiko, tukaukoroga unga kwenye uji. Ndeshi akaonja, uso ukakunjamana wote.

"Hiki ndicho ulichotaka niwauzie watoto wa watu?"

"Hicho hicho."

"Wewe mwanamke ni mbaya."

"Ongeza sukari."

Akaongeza. Akakaa mpaka kuku wakaingia bandani, tukamsema Elinami, tukamsema mwalimu wa kwaya, tukawarudia. Pudensiana naye siku hizi ameacha majeshi. Anauza dawa ya kuchua mgongo, chupa kwa chupa, kwa anayeumwa mgongo. Nami namnunulia, maana unaniuma.

Basi wajue wa Meru na wa nchi za mbali: katika Elerai, paka akishuhudia kwa chuki, kopo lilifunguliwa likanywewa. Jeshi langu halikuongezeka hata mtu mmoja, na kigoda kilikuwa na mwenyewe.