Barua Tisa Zikisubiri Mtandao

Jumatatu, 5 Juni

Siku ya kihistoria. Tangazo limebandikwa ubaoni, pembeni ya ratiba ya zamu: anatafutwa Mkuu wa Malalamiko ya Wateja. Chumba chake. Mlango wake. Dirisha linalofunguka! Mahojiano Ijumaa.

Miaka tisa sasa najibu malalamiko ya magodoro katika kiwanda hiki. Hakuna springi iliyochomoka ambayo sijaitetea. Nani mwingine anafaa? Nikasoma orodha ya waombaji. Majina mawili. La kwanza langu. La pili la shemeji.

Shemeji! Mdogo wa mke wangu! Ana miaka miwili tu kazini, na kazi yenyewe nilimtafutia mimi, baada ya dada yake kunililia wiki nzima. Kweli fadhila za punda ni mateke.

Mkosi wa pili. Fundi wa kompyuta, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, ametubadilishia programu ya barua pepe. Zamani kila barua ilikaa peke yake na heshima yake. Sasa barua zote za habari moja zinatungwa pamoja kama shanga, ya kwanza hadi ya mwisho. Anasema huo unaitwa uzi, na faida yake ni kwamba mtu anaona mazungumzo tangu yalipoanza. Nikamwambia yapo mazungumzo ambayo hayakuumbwa yaonekane tangu yalipoanza. Akacheka. Sindano ameleta uzi, na mimi ndiye nitakayechomwa.

Nimechomwa saa sita kasoro. Mama Meneja ameniita. Mbele yake uzi uko wazi. Mwanzoni barua ya shemeji kwangu, ya mwezi wa pili, akipendekeza kila godoro libandikwe tarehe ya kutengenezwa ili malalamiko yafuatiliwe. Nakala kwa Mama Meneja! Sikuiona nakala hiyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuisoma, kwa wingi wa barua zake. Inayofuata, ya kesho yake, ni barua yangu kwa Mama Meneja. Pendekezo lile lile. Imeanza hivi: "Wazo hili limenijia nikiwa naoga."

Mama Meneja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi na shemeji huwa tunaoga pamoja.

Nikaaga, nikatoka. Mwendo wa shujaa.

Jumanne, 6 Juni

Mtandao umekatika! Wachimba mtaro nje ya lango wamepitisha sururu kwenye kebo. Ofisi nzima imeshika tama. Sindano akapita meza kwa meza akisema tuendelee kuandika kama kawaida, tubofye Tuma kama kawaida. Barua zitalala kwenye sanduku la kutoka, humo humo ndani ya kompyuta, mpaka mtandao urudi. Hapo zitaondoka zenyewe.

Nikamuuliza kama kuna mtu anaweza kuzisoma zikiwa zimelala. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama mwenyewe anaweza kuzifuta kabla mtandao haujarudi. Akasema anaweza. Nikamuuliza mtandao utarudi lini. Akasema Ijumaa mchana, wachimba mtaro wakipenda.

Nikarudi kwenye kiti changu nikisugua viganja. Mtu kupewa ruhusa ya kusema kila kitu na kisisikike! Miaka tisa nimeandika "tumepokea maoni yako kwa moyo mkunjufu." Moyo wangu haujakunjuka hata siku moja.

Nimeandika barua tisa. Kwa Mama Meneja: kwamba anaendesha vikao kama mtu anayetafuta funguo alizozishika mkononi. Kwa mwenye hoteli ya ghorofa tatu: kwamba amenunua godoro jembamba kuliko mkate na anategemea miujiza. Nikamwekea picha kumi na nne za ushahidi. Kwa mhasibu, kuhusu vidole vyake vinavyoizima feni yangu kila nikigeuka. Nyingine tano kwa watu mbalimbali waliokuwa wakizisubiri bila kujua.

Ya tisa kwa shemeji. Aya kumi na moja! Imeanzia arusini kwangu, alipovaa koti langu bila kuomba. Imepita kwenye pasi yetu aliyoazima tangu mwaka jana. Imeishia hapa: "Na katika miaka miwili hujawahi hata siku moja kusema asante." Kuokoa muda wa kutafuta anwani yake, nilichukua barua yake ya zamani kuhusu usafi wa vyoo nikabofya Jibu Wote. Nikasaini jina langu, na chini yake: Mkuu Mtarajiwa.

Kila nilipobofya Tuma nilisikia kama nimevua viatu vya kubana. Nitazifuta zote Alhamisi jioni. Nimetembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu akauliza nimekula nini.

Jumatano, 7 Juni

Mtandao bado haujarudi. Akili yangu nayo haijalala.

Shemeji ameacha karatasi kwenye printa. Mpango wake wa kupunguza malalamiko, atakaouwasilisha Ijumaa. Kurasa tatu. Nimeusoma nimesimama. Mzuri! Inauma kusema. Anataka mteja apigiwe simu wiki mbili baada ya kununua, kabla hajakasirika.

Sikuuiba. Kuazima si kuiba. Yeye na pasi yangu je?

Nikamuuliza Sindano, kama mtu anayepoteza muda tu, barua hujuaje imeandikwa lini. Akasema inachukua tarehe kwenye saa ya kompyuta. Basi! Nikaingia kwenye saa, nikairudisha nyuma mpaka tarehe 1 Mei. Nikauandika mpango upya kwa maneno yangu. Badala ya "wiki mbili" nimeweka "siku kumi na nne." Nikaweka jina la Mama Meneja, nikabofya Tuma, nikairudisha saa mahali pake. Sasa mpango wangu umeutangulia wa shemeji kwa mwezi mzima na zaidi. Apande, ashuke, ataonekana yeye ndiye mwigaji.

Macho yanauma kidogo. Miwani niliisahau nyumbani. Lakini jicho la akili halihitaji miwani.

Alhamisi, 8 Juni

Siku ya maangamizi.

Saa nne asubuhi nilikuwa ghalani, nimelala juu ya godoro lililorudishwa, nikipima kama kweli linabonyea katikati. (Linabonyea.) Nikasikia makofi ghorofani. Nikamuuliza mpakizi watu wanashangilia nini. Akasema mtandao umerudi.

Sijui nilipandaje zile ngazi. Kiatu kimoja nilikiacha njiani. Nikafika mezani, nikaona sanduku la kutoka: kumi, tisa, nane. Zinahesabika kushuka! Nikapiga magoti chini ya meza nikang'oa waya. Feni ya mhasibu ikazimika. Nikang'oa mwingine. Printa ikafa na karatasi mdomoni. Nikang'oa wa tatu, na huo ndio uliokuwa wenyewe.

Nikainuka. Kwenye sanduku imebaki barua moja. Ya mwenye hoteli! Picha kumi na nne zilikuwa nzito, ikakwama mlangoni. Kwa hiyo nimekiokolea kiwanda mteja wake mkubwa. Hakuna aliyenishukuru.

Nane zimefika. Na mpango.

Ile ya shemeji haikwenda kwa shemeji peke yake. Barua ya vyoo ilikuwa ya wafanyakazi wote, arobaini na sita. Na kwa kuwa siku hizi kuna uzi, aya zangu kumi na moja zimejipanga kwa adabu chini ya kichwa cha habari "Usafi wa Vyoo vya Ghorofa ya Kwanza." Nimewasikia kwenye korido wakisomeana. Mtu wa mapokezi alipofika kwenye koti la arusi alilazimika kukaa chini.

Shemeji alinipita mlangoni. Akanishikia mlango. Ningependa angenisukuma.

Kisha Mama Meneja. Hakuniambia nikae.

"Umeandika hapa kwamba naendesha vikao kama mtu anayetafuta funguo alizozishika mkononi."

Nikasema ndiyo, mama.

"Unajuta?"

Nikafikiri. Ningeweza kupiga magoti. Nilikuwa nimeshayazoea leo. Lakini mtu ana shingo moja, na yangu haikuumbwa kuinamishwa. Nikasema najuta mtandao umerudi mapema.

Akaangalia miguu yangu. Akasema mahojiano ni kesho saa tatu, nije na viatu vyote viwili.

Nyumbani, mke wangu ameniwekea chakula akanipa mgongo. Amesema jambo moja tu: mdogo wake alipita saa ya chakula cha mchana kurudisha pasi. Ilikuwa imeungua ndani. Ndiyo maana ilikawia, alikuwa akitafuta kifaa cha kuitengenezea. Sasa inapata moto kuliko ilipokuwa mpya.

Nimekula. Chumvi ilikuwa nyingi. Sikulalamika. Nani angejibu?

Ijumaa, 9 Juni

Niliingia kwenye mahojiano kifua mbele. Mama Meneja katikati, mhasibu kulia kwake (hanitazami), shemeji na mimi upande wa pili wa meza, kiti kwa kiti.

Shemeji akawasilisha mpango wake. Kurasa tatu, sauti ya upole. Alipomaliza nilisimama. Nikasema nasikitika sana, lakini mpango huo niliutuma mimi tarehe 1 Mei, na mwenye macho afungue barua zake.

Mama Meneja akafungua. Mei hakuna kitu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema programu hii mpya inakula barua za watu. Akaitwa Sindano. Akatafuta, akashuka, akashuka, akashuka. Akaikuta chini kabisa, chini ya barua zote ambazo Mama Meneja amewahi kupokea.

"Tarehe ni hiyo hiyo, moja Mei," akasema Sindano. "Ila ni ya miaka kumi na mbili iliyopita."

Kiwanda kina miaka kumi.

Mama Meneja akavua miwani. Akauliza nilipata wapi malalamiko ya kupunguza, wakati hapa palikuwa bado shamba la mihogo. Mhasibu alianza kukohoa, akatoka nje kukohoa vizuri.

Nikajibu kwamba mtu mwenye maono haoni haya kwa kuwahi. Nikakaa. Kichwa juu!

Nafasi amepewa shemeji.

Jioni, watu wakikusanya vitu vyao, alikuja mezani kwangu. Macho mekundu. Nikajiandaa kwa vita.

"Shem," akasema, "ya koti ni kweli. Ya pasi ni kweli pia. Lakini umeandika sijawahi kukushukuru."

Nikasema nimeandika na nimesaini.

"Nitafute kwenye barua zako. Shuka mpaka ya kwanza kabisa. Siku niliyoajiriwa."

Akaondoka. Nikashuka. Ilikuwepo, na maandishi yake bado meusi yaliyokolea, kama barua isiyowahi kufunguliwa. Miaka miwili! Kichwa chake kilikuwa "Asante." Nakumbuka sasa. Nilidhani ni ya mteja, na mteja akishukuru huna kazi ya kufanya.

"Kaka," imeandikwa, "leo nimekaa kwenye kiti ulichonitafutia. Marehemu mama angekuwepo angekuja mwenyewe kwa miguu kukushukuru. Sina cha kukulipa. Nitafanya kazi usije ukaona haya kwamba ulinisemea."

Nikaisoma mara tatu. Nikafuta miwani. Vumbi la sponji, limejaa jengo hili. Nikafikiria kuchukua simu. Nikaichukua kabisa. Nilikuwa nimeshabofya tarakimu nne nilipoiona, juu, kwa herufi ndogo: nakala kwa Mama Meneja.

Mjanja! Siku ya kwanza kazini! Alianza kampeni miaka miwili kabla ya uchaguzi!

Nikaweka simu chini.

Jumatatu, 12 Juni

Ushindi. Kila mtu anauita kwa jina lingine, lakini mimi naujua ushindi nikiuona.

Mama Meneja alitaka kunipeleka ghalani nikapange springi. Shemeji akakataa. Amesema ananihitaji ofisini kwake, niwe msaidizi, kwa sababu hakuna anayewajua wateja kama mimi. Mke wangu aliposikia alilia, akasema sasa umeona damu ni nini. Nimeona vizuri sana. Ananiogopa. Anataka nikae mahali anaponiona.

Meza yangu imewekwa ndani ya kile chumba. Karibu na dirisha kuliko ya kwake! Leo nimelifungua mara sita.

Sharti ni moja: niandike barua ya kuomba radhi kwa shemeji. Nimekubali. Mimi si mtu wa kinyongo. Nimeiandika asubuhi nzima, na ni nzuri, ina neno "unyenyekevu" mara nne. Nikaisoma kwa sauti. Nikajiuliza: uzuri wote huu asome mtu mmoja?

Nikamwita Sindano, nikamuuliza kama mtu anayepoteza muda tu, kama upo uwezekano wa barua kumfikia mtu wa pili bila wa kwanza kujua. Akasema upo. Inaitwa nakala ya siri. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza kwamba aliyepewa nakala ya siri akijisahau akabofya Jibu Wote, basi siri imekwisha, na amewaona watu wazima wakipoteza kazi kwa njia hiyo. Akaniuliza nataka kumpelekea nani.

Nikasema hakuna, nilikuwa nauliza tu.

Nimemwekea Mkurugenzi Mkuu. Mwenyewe, wa makao makuu! Na chini ya maombi ya radhi nimeongeza aya fupi ya kumjulisha ni nani hasa anayeendesha chumba hiki, na ni nani anayekaa tu kwenye kiti. Shemeji hataiona aya hiyo, nakala ni ya siri. Naye Mkurugenzi hawezi kubofya Jibu Wote. Mtu hafikii cheo kile kwa kubofya ovyo.

Mtandao leo uko imara. Nimevaa miwani. Nimebofya Tuma.