Kuhusu Moshi Ulioandikwa kwa Jina Langu Gatini Mbita

Gati la Mbita,
Jumapili jioni.

Kwa Bw. Elijah Nyakundi,
Msimamizi, Mradi wa Kupima Moshi wa Vyombo vya Majini,
Homa Bay.

Mheshimiwa Bwana Nyakundi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na madirisha ya ofisi yako yakiwa wazi, kwa kuwa nakuletea habari za moshi. Mimi ni Angwenyi Bogonko, nahodha wa feri Nyar Sori, inayotoka hapa Mbita kwenda Sori na kurudi. Nimeushika usukani wake miaka kumi na tisa bila kugonga hata mtumbwi. Wiki jana nilipokea barua yako ikinijulisha kwamba kuanzia tarehe moja usukani atapewa Bw. Maroa, nami nitahamia Sori kufunga kamba. Sababu ni kwamba kisanduku cheupe mlichokifunga kwenye mlingoti wa gati kimepima moshi wa feri miezi mitatu, kikagundua kwamba mchafu ni mimi. Imeniuma sana, bwana, wala sifichi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Feri ni ile ile, injini ni ile ile, dizeli hutoka pipa lile lile. Mimi huendesha Jumapili hadi Ijumaa. Jumamosi, nikiwa kanisani kama Msabato yeyote, huendesha Maroa, Mkatoliki wa kutoka Isebania. Kisanduku huonyesha nyekundu siku zangu sita, na kijani siku yake moja. Nimetafakari, nikaona kwamba kisanduku nacho ni Msabato na hupumzika siku ya saba. Nakikaribisha kanisani kwa mikono miwili, lakini kisimpe mtu cheti kikiwa kimelala.

2. Matokeo mliyabandika kwenye dirisha la tiketi: BOGONKO, MOSHI MWINGI. Basi. Hamkutaja injini. Benta anayeuza chai gatini aliniuliza mbele ya abiria, "Kapteni, kwani siku hizi unavuta?" Mimi ni mzee wa kanisa! Jumamosi iliyopita mchungaji alihubiri juu ya tumbaku dakika arobaini bila kunitazama hata mara moja, ndipo nikajua nahubiriwa mimi.

3. Nilijaribu kujirekebisha. Jumatano nilizima injini tukiwa bado mbali, mabaharia wakaivuta feri kwa kamba mpaka gatini, jasho likiwatoka. Kisanduku kikasoma nyekundu kuliko siku zote. Kwa hesabu zenu, basi, feri iliyozimwa hutoa moshi kuliko feri inayonguruma. Naomba ushauri wako kwa maandishi: je, niwashe na injini ya akiba ili hewa ya Mbita iwe safi kabisa?

4. Namshuku Maroa. Nadhani hufunika bomba la moshi kwa gunia lililoloweshwa. Ushahidi sina, ila gunia analo. Yeye husema ni la kubebea mahindi ya mama yake. Naomba gunia lipimwe.

5. Haki itendeke kwa wote. Pimeni pikipiki, pimeni jenereta ya kinyozi, pimeni jiko la chapati, pimeni na ng'ombe wanaoshuka kunywa maji, kila mmoja na kisanduku chake. Na yeyote atakayepatikana kuwa ndiye mwenye moshi huu aondolewe ufukweni ndani ya siku saba, yeye na vyombo vyake vyote, bila kusikilizwa, awe awaye, hata akilia. Mimi sikuhurumiwa.

Nikingoja uamuzi wako, nabaki mtumishi wako mwenye heshima, mkono ukiwa bado usukanini. Nisalimie mama watoto, karani wako Terry, na fundi Stanley aliyekifunga kisanduku. Mwambie ngazi yake tunayo.

Wako,
Angwenyi Bogonko,
Nahodha (hadi mwisho wa mwezi).

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa barua hii mke wangu, Dolphine, anisahihishie. Alicheka mpaka namba nne. Alipofika namba tano akaiweka barua chini, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya stoo ya gati, chini ya ule mlingoti. Kuna tanuri la matofali la kubanikia mbuta. Nilidhani bado anabanika samaki nyumbani. Kumbe alihamia hapa miezi mitatu iliyopita, majirani walipochoshwa na moshi, na hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimemkataza biashara ya gatini. Mdomo wa tanuri unakitazama kisanduku chenu. Linawaka siku sita, ya saba tunakwenda kanisani pamoja.

Amelijenga mwenyewe, bwana. Ameajiri wanawake wawili, na jina lake liko ukutani kwa rangi ya buluu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa sijawahi kumwona akisimama vile. Nilijivuna, kisha nikaona aibu kwamba alilazimika kunificha.

Ningeichana barua hii, lakini ofisi yako inataka jibu kesho asubuhi na karatasi zimeniishia. Kwa hiyo namba moja hadi nne zihesabu kama hazikuandikwa, na Bw. Maroa namwomba radhi, yeye na mama yake. Namba tano nimejaribu kuifuta, wino umekataa. Tafadhali usiifuatilie. Mwenye moshi ni mimi, uacheni kwa jina langu. Tarehe moja asubuhi nitakuwa Sori, nikipokea kamba.