Kibao cha Kinyozi Kwenye Ukuta wa Mama Immaculée

Baraka, Februari 2003

Mheshimiwa Chef wa Cité, mkuu wa mji wetu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini umeshiba, ila si kwa chakula cha Mama Immaculée, maana ndiye ninayemshitaki.

Mgahawa wake wa barabara ya Fizi unaujua. Tulipokimbia mwaka 1996, yeye alibaki akiokota vibao vya biashara zetu vilivyoanguka kandokando ya barabara: vya mafundi cherehani, vya wauza dawa, vya wanyozi. Sasa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tunavikuta vyote vimepigiliwa ukutani juu ya meza za kulia. Anasema anatunza historia ya barabara. Malalamiko yangu ni haya:

1. Changu kipo. KINYOZI DÉO, CHINI YA HEMA, pamoja na kichwa cha kijana nilichokichora mwenyewe. Nami kule kambini nilikwisha kumweleza Mzee Albert, baba wa mchumba wangu Gentille, kwamba vita vilinikuta na saluni ya matofali, viti vitano na umeme. Umeme, Mheshimiwa, ambao hata ofisi yako bado inausubiri. Na posa yangu inajibiwa Jumamosi.

2. Siumii peke yangu. Bwana Raphaël kambini alikuwa mkurugenzi wa usafirishaji. Ukutani anaziba pancha za baiskeli. Vita vilituachia ukubwa wetu wa zamani tu, na mama huyu anatunyang'anya hata huo.

3. Samaki wake ni watamu kupita kiasi. Mzee Albert huenda kila mchana, huketi kwenye benchi linaloelekea kibao changu, na kwa mikeke ile ya ziwani na sombe ile ya majani ya muhogo hana haraka. Anatafuna, anakitazama. Anatafuna tena, anakitazama tena. Samaki wangekuwa wabaya angemaliza upesi akaenda zake. Naomba serikali iingilie kati upande wa mapishi.

4. Nilikwenda kukiomba kwa upole. Mama Immaculée alinijibu huku akipepeta mchele: "Ile kibao ulitupa we mwenyewe. Sasa iko ya barabara." Mheshimiwa, mtu anayekimbia risasi hatupi kitu. Anakiweka amana kwenye nyasi.

Kwa hiyo naomba kibao kishushwe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, kifunikwe shuka. Ikishindikana, mgahawa ufungwe. Na hilo nalo likishindikana, itangazwe sokoni na makanisani kwamba historia ya Baraka inaanza siku tuliporudi. Kutangaza nitasaidia mimi.

Nisalimie mama, watoto, na yule mlinzi wako aliyenizuia mlangoni. Sina kinyongo naye.

Raia wako mtiifu,
Déogratias, mwenye saluni (zamani)

N.B. Nilikuwa sijaifunga barua hii Mzee Albert alipoingia kwangu. Hakuuliza matofali wala umeme. Alitaka kujua nilimchora nani kwenye kibao. Nikamwambia ni kijana mmoja mpita njia. Nilimnyoa bure ili atulie nimchore, na jina sikumwuliza. Akasema ni Jacques, mwanawe, kaka yake Gentille, aliyeuawa siku zile za kukimbia.

"Picha yake yote iliungua na nyumba," akaniambia. "Mi naendaka pale kumuona tu."

Nimelia, Mheshimiwa. Kibao kisiguswe. Jumamosi kikao cha posa tutakifanyia mgahawani, kwa ombi la Mzee, ili kaka wa binti naye awepo.