Chumba Chenye Dirisha

Jumapili, tarehe 3 Septemba

Tumefika. Watatu: mimi, binamu yangu, na Twiga, rafiki yangu tangu sekondari, ambaye kaja na shingo yake yote. Tangu tupate nafasi ya kusoma huku, nimewaambia wenzangu kila siku kwamba lugha ya huku nimeimaliza. Mjomba, baba yake binamu, akaniamini. Alinishika bega wakati wa kuagana, akasema, "Mpwa wangu, binti yangu namkabidhi kwako." Binti mwenyewe akatazama pembeni.

Nimemsalimia ofisa wa uwanja wa ndege kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Kanijibu polepole, kwa sauti kubwa, kama anayezungumza na mgonjwa. Nikawaambia wenzangu kayasifu matamshi yangu.

Treni nikaichagua mimi. Safi, viti vya kijani. Ikaelekea siko! Tulijua majumba yalipoisha na ng'ombe wakaanza. Twiga, bila neno hata moja la lugha, akamwonyesha mkata tiketi karatasi yenye anwani, akanyoosha mikono hewani, akacheka. Mkata tiketi naye akacheka. Akatushusha, akatuvusha reli, akatupakia kwenye treni nyingine. Sasa hiyo nayo ni akili? Ni kucheka tu!

Nyumba ya wanafunzi inatunzwa na mama mmoja mwenye shada la funguo kiunoni. Nimempa jina: Mama Funguo. Vyumba vitatu. Viwili chini, ubavuni mwa jiko, giza kama ndani ya kiatu. Kimoja juu, dirisha kubwa, bustani yote yako. Mama Funguo akakionyesha kile cha juu, akatoa hotuba ndefu. Nikashika maneno matatu: chumba, dirisha, asubuhi. Nikaitikia ndiyo kila alipovuta pumzi.

Binamu akauliza anasemaje. Nikamwambia: chumba cha juu ni cha mwenye kujua lugha, ili aitwe haraka kukiwa na dharura. Twiga akabeba sanduku langu hadi juu. Mwenyewe! Akasema nimewahangaikia mchana kutwa, nastahili hewa. Wema wa namna hiyo unakera.

Jumatatu, tarehe 4

Alfajiri. Mlango unagongwa kama polisi wamekuja. Mama Funguo, ndoo mkono huu, ufagio mkono ule. Ilichukua muda na ishara nyingi za vidole, lakini nikaelewa. Chumba cha juu hupewa anayekubali kufagia ngazi, kudeki ukumbi na kutoa mapipa ya taka, kila asubuhi, muhula mzima. Na jana nilikubali. Nilitabasamu. Nilimshukuru mara mbili!

Nimefagia. Twiga katoka na mswaki mdomoni, akauliza kulikoni. Nikamwambia nanyoosha mgongo baada ya safari. Akaenda akarudi na ufagio mwingine, eti anisaidie. Nikamfukuza. Pipa la pili lilikuwa la magamba ya samaki. Sitaki kulizungumzia.

Jumanne, tarehe 5

Nina mpango. Nimeutoa wakati wa chai. Nikasema roho inaniuma wenzangu wakilala gizani, basi Twiga achukue chumba cha juu. Nikatia na kikohozi, nikasema upepo wa dirishani unanichoma kifua. Twiga kidogo anikumbatie.

Binamu akaweka kikombe chini. Kumbe tangu tufike anashinda jikoni na Mama Funguo, wanamenya viazi na kufundishana majina ya vitu!

"Kaka," akasema, "mweleze na habari ya mapipa."

Nikajitia kukohoa tena. Haikusaidia. Akaeleza yeye, yote, hadi zile shukrani mbili.

Twiga hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema tu, "Ungesema unakitaka, ningekuachia." Akaosha kikombe chake. Akaosha na changu.

Jumatano, tarehe 6

Wametoka kwenda kuona mji. Hawakuniambia. Nimewaona kutoka dirishani, maana dirisha hili linaona kila kitu. Binamu kajifunga kitambaa cha njano. Wakasimama getini. Nikadhani wananingoja, nikashuka ngazi mbili mbili, kiatu kimoja mkononi. Kumbe Twiga alikuwa anafunga kamba za viatu. Nilipofika nje, njia nyeupe.

Nikarudi juu. Nikakaa. Bustani nzuri sana. Inachosha upesi.

Mjomba akapiga simu. Akauliza, binti yangu yuko wapi? Nikasema yuko hapa hapa nami, salama salimini. Akaomba kuzungumza naye. Nikasema anaoga.

Mjomba akasema, taratibu kabisa, kwamba katoka kuzungumza naye sasa hivi. Yuko darajani na Twiga. Wanalisha bata.

Nikasema mtandao ni mbaya. Nikakata.

Alhamisi, tarehe 7

Siku ya kwanza chuoni. Ukumbi umejaa, wageni watupu. Nilitaka kukaa nyuma peke yangu, wajue nimeumia. Lakini Binamu alikuwa amenishikia kiti, katikati yao. Akakigonga kwa kiganja, nikakaa. Twiga akanisogezea nusu ya mkate wake.

Nilikuwa na neno moja la kuwaambia. Fupi. Na hilo nalijua kwa lugha zote mbili, sina hata haja ya kutafsiri. Nikageuka. Nikafungua mdomo.

Akaingia mwalimu wa muziki. Akasema mengi, haraka haraka. Nikashika neno tarumbeta, kwa sababu alikuwa ameishika mkononi. Binamu akaninong'oneza mengine: mpigaji wao kahama, maonyesho ni Jumamosi, na mpigaji hukaa mbele kabisa, amevaa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu. Mwalimu akauliza nani anaweza.

Twiga akatazama huku na huku, kama anayetaka kujaribu.

Nikainua mkono. Mkono wote, hadi bega!

Binamu kafunika uso. Wivu tu. Nimeichunguza tarumbeta yenyewe: vitufe vitatu na tundu la kupulizia. Kuna ugumu gani?