Viatu Vyekundu vya Bibi Eneida

Jumanne, 2 Januari

Nadai hivi, na dai hili nitalitetea hadi mwisho wa juma: mtu awezaye kuiongoza familia yake madukani aweza kuiongoza katika jambo lolote, na katika familia yetu mtu huyo ni mimi, Efraín Lugo, mhitimu wa historia ya fikra, umri miaka ishirini na sita.

Sababu ya kuliandika leo ni hii. Asubuhi, wakati wa kahawa, Bibi Eneida ametangaza kwamba magoti yake yamechoka. Miaka arobaini na mmoja ameitimiza ahadi aliyowawekea Wafalme Watatu, wale mamajusi walioifuata nyota, siku mjomba Tito alipopona homa: kila tarehe 6 Januari hufungua mlango, huimba, humlisha yeyote apitaye. Aliianzia milimani Utuado, kisiwani kwetu, akahamia nayo hapa Kissimmee, Florida, pamoja na masufuria yake. Jumamosi hii atamkabidhi mmoja wetu wale Wafalme wa mbao, sanamu zake tatu za kuchongwa, na ahadi yenyewe. Hakusema nani. Alimtazama Wilmer. Kisha akanitazama mimi, bahati mbaya wakati huo nilikuwa na povu la maziwa puani.

Nawataka wale Wafalme. Nimewafuta vumbi tangu nikiwa na miaka sita. Najua yupi amekatika kidole na yupi farasi wake analegea mguu.

Wilmer ni mume wa dada yangu Noraida. Fundi viyoyozi. Kitabu cha mwisho alichokifungua kilikuja ndani ya kiyoyozi, na hata hicho akaanzia katikati. Yeye ndiye mpinzani wangu, ingawa hajapashwa habari.

Mbinu ya kwanza. Kila Januari, kabla ya Wafalme, familia nzima huenda kununua zawadi Gati la Korongo, pale kwenye maduka yaliyolizunguka bwawa, nje ya lango la bustani ya michezo. Mwaka huu nilichora ramani. Kanda nne, watu tisa, saa za kukutana, njia za kutokea. Nilisambaza nakala ndani ya gari.

Matokeo. Hakuna aliyetengana na mwenziwe. Tulisogea kama bonge moja la unga. Mmoja akienda msalani, wanane walisubiri mlangoni. Noraida akijaribu kofia, wote tisa walijaribu kofia. Niliwahutubia kwenye daraja dogo juu ya faida za mgawanyo wa kazi. Boti ikapiga honi, wakaipungia mikono. Bibi alitandika ramani yangu kwenye benchi lenye umande, akaikalia. Alisema inazuia maji vizuri.

Nilipomweleza kwamba tumepoteza saa nne bila kununua hata kijiko, alinipangusa kola.

"Mwanangu, kununua unaweza kununua popote. Hapa tumekuja kutembea."

Wilmer alipongezwa na watu wawili kwa kupata maegesho karibu na lango. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama katika vitabu vyangu vyote hakuna kimoja kinachofundisha pa kuegesha gari.

Jumatano, 3 Januari

Nimebadili mbinu. Umati hauongozwi, huchunguzwa. Kila mwaka Bibi husema hataki zawadi yoyote. Uongo wa heshima. Mtu atakayegundua kile anachokitaka moyoni atakuwa amethibitisha kwamba anamjua kuliko wote, na Wafalme hawatakuwa na nyumba nyingine ya kwenda.

Nilimfuata Gati. Yeye alikuwa na Mama. Mimi nilijibanza nyuma ya chungu kikubwa cha mnazi mfupi, nikiwa na daftari.

Aliyapita maduka ya peremende bila kugeuza shingo. Akawapita wanasesere. Akampita hata yule korongo wa kitambaa mrefu kuliko mlango, ambaye watu husafiri bara zima kuja kumkumbatia. Kisha akasimama mbele ya duka la viatu. Dakika kumi na nne! Nilizihesabu. Kwenye rafu iliyokabiliana na macho yake: jozi moja ya viatu vyekundu vya kike, kifungo cha dhahabu, kisigino cha wastani, ngozi laini. Akaingia. Viatu hakuvigusa. Aligusa boksi lake tu: akalifunua kifuniko, akalifunika, akalipapasa kingo, akatoka akihema.

Tafsiri yangu: haya. Mwanamke wa miaka themanini na mbili, aliyelelewa milimani, hathubutu kukigusa anachokitamani. Hugusa kilicho jirani yake. Nimesoma mambo mengi kuhusu kutamani na sikumbuki mfano ulio wazi zaidi.

Mtunza bustani hakuniona, akaumwagilia mnazi na mimi. Nilipoinuka, Wilmer alikuwa mbele yangu na mfuko wa vitumbua vya sukari. Alikuwa ametoka kutengeneza kiyoyozi cha jirani wa duka la mishumaa. Alinitazama kuanzia nywele hadi soksi.

"Shemeji, umeshaota mizizi au bado?"

Nilichukua kitumbua kimoja. Kilikuwa kitamu.

Alhamisi, 4 Januari

Siku njema kuliko zote. Viatu ni vyangu, yaani vyake.

Kuhusu ukubwa: alfajiri, Bibi akiwa kwenye rozari, niliipima kandambili yake kwa tasnifu yangu. Urefu wa ukurasa kasoro vidole viwili. Muuzaji, binti wa Bayamón mwenye kucha za fedha, alisema hajawahi kupimiwa mguu kwa tasnifu, lakini akaleta saizi sahihi. Mabishano yalizuka kwenye kaunta tu. Alitaka kuvitia viatu kwenye boksi lake. Nilikataa. Nilimfafanulia kwamba kifungashio ni ahadi ya karatasi juu ya kitu ambacho tayari kinajisemea, na kwamba ustaarabu wetu unazama katika maboksi. Nyuma yangu foleni ilirefuka. Binti alisema sawa kaka, akavifunga viatu kwenye mfuko wa kitambaa, boksi akalisukuma pembeni.

Wakati natoka, Wilmer anaingia, na sare ya kazi, na bisibisi sikioni. Hakununua kitu. Alimwomba yule binti maboksi matupu! Binti akacheka, akaingia stoo, akarudi na mnara wa maboksi. Wilmer akaondoka nao umemfika kidevuni, akiufungulia mlango kwa kisigino.

Najua yanakwenda wapi. Jioni ya tarehe 5 kila mtu wa familia hii hujaza nyasi kwenye boksi la viatu na kuliweka mvunguni, ngamia wa Wafalme (wale wa mbao wamepanda farasi, lakini Bibi haoni tatizo) wapate kula; asubuhi nyasi hazipo na zawadi ipo. Bibi hamsamehe mtu. Wenye ndevu wanaweka. Mjomba Tito, mwenye wajukuu, anaweka. Mimi niliacha nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa msimamo, nao nimeueleza kwa maandishi.

Kwa hiyo nilipomwona Wilmer akiyumba na maboksi yake hadi kwenye pikapu, nilimhurumia. Mtu anapigania urithi kwa makaratasi matupu. Nilimsaidia kufunga kamba. Aliyeshinda anaweza kuwa mkarimu.

Chakula cha jioni: wali wa mbaazi na ukoko wake. Nilipewa ukoko mkubwa. Dalili.

Ijumaa, 5 Januari

Nimekubali kuafikiana na desturi, kwa sababu za kimkakati tu. Mrithi wa ahadi hawezi kuonekana anawalaza ngamia na njaa. Lakini nikipeleka nyasi, zitakuwa nyasi bora Florida nzima, si magugu ya nyuma ya karakana ya Wilmer.

Nyasi bora zipo Gati, ule mteremko wa kando ya maji. Januari hii, wakati kila kiwanja mjini kimekuwa rangi ya mkate, mteremko ule ni kijani kibichi, hakuna jani moja lililonyauka. Nilifika saa tatu asubuhi na mkasi wa kucha. Nilipiga magoti. Nilikata. Nyasi zilikuwa ngumu ajabu. Nilikuwa nimekata kiasi cha ngumi mbili nilipoona viatu vyeusi vya mlinzi.

Mlinzi, mzee Nazario wa Caguas, mji wa kisiwani kwetu, alichuchumaa polepole.

"Kijana, nisaidie kuelewa. Kwa nini unalinyoa zulia?"

Ilikuwa plastiki. Yote, hadi majini. Nilimwambia kwamba hilo ndilo jambo lililoharibika katika zama zetu, na nikaanza kueleza, lakini akaniuliza nyasi ni za nini. Nikasema: ngamia. Uso wake ulibadilika. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaniongoza nyuma ya maegesho ya mabasi, penye nyasi halisi, zenye umande, ndefu hadi goti. Alitoa kisu cha mfukoni akanikatia mfuko mzima. Kisha akavua kofia yake ya kazi akajikatia na za kwake. Alisema ana miaka sitini na saba na mara moja tu alisahau kuwawekea ngamia, na mwaka ule hapendi kuuzungumzia.

Saa kumi na moja jioni, sebuleni, mbele ya wote, nilimpa Bibi viatu. Noraida alishika mdomo. Bibi alivivaa, vilimkaa kama alizaliwa navyo. Alitembea hadi jikoni akarudi. Mama alifuta macho. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua rafu ya kuwaweka Wafalme.

"Vizuri sana, mwanangu," Bibi alisema. "Na boksi lake liko wapi?"

Nilimweleza kuhusu ustaarabu na maboksi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu wachache hulifanya. Ndipo akasema kwamba katika mji huu viatu vyote siku hizi huletwa mlangoni ndani ya mifuko ya nailoni, kwamba mwaka jana nusu ya familia iliweka nyasi kwenye mabakuli, kwamba ngamia si kuku, na kwamba juzi pale Gati aliona boksi moja gumu, lenye kifuniko cha kufunga vizuri, akalipenda mno. Viatu, kusema kweli, hakuviangalia.

Hapo Wilmer akaingia na mnara wake. Boksi la kila mtu lilikuwa na jina kwa kalamu nene. Tito. Migdalia, ambaye ni Mama. Noraida. Lile gumu kuliko yote, lenye karatasi pembeni iliyoandikwa jozi nyekundu na saizi ya Bibi, alinikabidhi mimi. Aliandika: PROFESA.

Nilitia nyasi zangu ndani. Hii si kukubali hoja. Nyasi zilihitaji pa kukaa.

Jumamosi, 6 Januari

Nilipoamka boksi lilikuwa tupu, na nyasi chache zimetapakaa hadi mlangoni. Ndani: kalamu ya wino. Sijui nani. Kalamu nzuri sana, ndiyo ninayoandikia haya.

Watu walianza kufika saa sita mchana. Sitini na zaidi. Jirani, wateja wa Wilmer, mzee Nazario na mkewe waliopotea njia mara mbili. Nguruwe wa kuoka, ndizi zilizosagwa na kufungwa kwa majani, kinywaji cha nazi ambacho Mama anasisitiza hakina kileo. Magitaa madogo. Bibi alisimama katikati ya yote, katika viatu vyekundu, akaomba kimya.

Aliwashika Wafalme wa mbao kifuani, wote watatu kwa pamoja, akawatia mikononi mwa Wilmer.

"Nyumba yako haina hodi," alimwambia. "Mtu akija umeshamtolea kiti. Wao ni wasafiri. Hilo tu ndilo wanalolihitaji."

Wilmer alilia kama bomba lililopasuka. Mimi nilitazama dari. Kisha Bibi akaniita mbele, akanipa daftari lake la beti za nyimbo, lile la jalada la bluu, lililoandikwa kwa mkono wake tangu Utuado. Akasema kuanzia leo mimi ndiye nitakayeanzisha nyimbo, kwa kuwa katika nyumba hii hakuna mtu mwingine asiyechoka kusema.

Nilianzisha nyimbo. Baina ya ubeti na ubeti niliongeza maelezo mafupi ya kihistoria. Watu walitumia nafasi hiyo kuongeza chakula, hivyo kila mtu alinufaika. Wilmer aliimba kwa sauti ya chini na Wafalme mapajani, akauliza yupi mwenye farasi wa mguu mbovu. Nilimwonyesha. Nikamwonyesha pia jinsi ya kuwafuta vumbi bila kumdhuru aliyekatika kidole. Nitakwenda kwake kila Jumapili kuhakikisha.

Sasa tathmini. Mbao amepewa yeye, maneno nimepewa mimi. Mwenye maneno ndiye anayeamua watu waimbe lini na wanyamaze lini. Huo ndio uongozi. Dai langu la Jumanne limesimama, tena limeongezeka kimo.

Limebaki jambo moja, nami siwezi kulala nalo. Jioni hii, tukiosha masufuria, nilimuuliza Wilmer alitumia njia gani kugundua kwamba Bibi anataka maboksi. Alipangusa mikono akasema:

"Nilimuuliza, shemeji."

Kumuuliza! Nimelitafakari neno hilo kwa saa nzima. Kuuliza si utafiti. Anayeuliza hajagundua kitu, amepewa tu. Mimi nilichunguza, nilipima, nilifasiri, nikamwagiliwa maji. Haiwezekani njia hizi mbili zitiwe mizani moja.

Kwa hiyo ukurasa huu nitausoma kesho baada ya misa, mezani, kabla ya kahawa, na namtaka Wilmer Otero ainuke na kujibu mbele ya familia yote na jirani yeyote atakayekuwepo: kwa hoja ipi, na kwa ushahidi wa nani, kumuuliza mtu anachokitaka kunahesabiwa kuwa ni akili? Ajibu kwa sentensi kamili. Asinijibu kwa kucheka, na asinisogezee kiti.