Malalamiko ya Msusi Kuachwa Nje ya Kundi la Makamanda

Mheshimiwa Mkuu wa Mawasiliano ya Siri ya Jeshi,

Shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ni msusi, saluni yangu iko nyuma ya duka la vioo. Mwaka jana nilinunua laini ya simu, kumbe zamani ilikuwa ya brigedia wenu aliyestaafu. Nikajikuta kwenye kundi la ujumbe la makamanda. Jana mlilifunga, mkahamia mfumo mpya wenye ulinzi mkali, mimi mkaniacha. Nalalamika hivi:

1. Sikuagwa. Mkiuliza hali, nilijibu, "Salama, poleni na kazi." Hakuna aliyethubutu kuuliza huyu ni nani, maana kwenu mkubwa haulizwi.

2. Kamanda wa ndege na wa vifaru waliponuniana kwa sababu ya mafuta, ni mimi niliyewaambia waache utoto. Wakaacha. Sasa nani atawapatanisha?

3. Siri hazikuvuja hata kidogo. Zilisomwa saluni tu, tena na mteja, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kwenye nywele zake. Wateja wangu si wambea. Mbea ni mmoja, naye akiingia tunageuzia maneno kwenye ndoa ya jirani.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu wa pekee ni koplo, yuko mpakani na kikosi cha daraja, na simu wamekatazwa. Kila asubuhi mliandika, "Kikosi cha daraja, wote wapo," ndipo chai yangu iliposhuka kooni. Leo sijui kama wote wapo. Nimemkata mteja sikio kwa mkasi. Naogopa, Mheshimiwa, sikufichi.

Naomba nirudishwe, hata kwa kushushwa cheo. Uluteni unanitosha.

Nisalimie makamanda wote. Yule wa vifaru mwambie mkewe aje nimsuke.

Mtiifu wako,
Msusi (Brigedia wa zamani)

N.B. Simu imelia nikiwa nafunga bahasha. Mfumo mpya unamtaka Brigedia athibitishe, na namba ya siri ya kuingilia mmeileta huku huku kwangu. Nimeingia. Wote wapo, na wanarudi Alhamisi! Basi malalamiko nimeyafuta, mfumo ni mzuri mno, msiuguse. Barua ningeichana, ila stempu nimeshabandika. Alhamisi nitakuwa getini kambini kumpokea mwanangu. Waambie walinzi wasinisumbue kwa kuniuliza nimejuaje.