Mkosaji wa Kukodi

Kesi ilipoitwa kwa mara ya mwisho, wakili alikuwa nje kwenye kona ya korido, simu sikioni, akimweleza mteja mwingine jinsi asivyowahi kukosa kesi hata moja. Jaji akangoja, akatazama kiti kitupu, akaitupa rufaa.

Mtu pekee aliyefurahi koridoni alikuwa Samahani. Walimwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Hakuiba wala hakughushi, aliuza kosa. Wakili akiboronga, Samahani hujitokeza kama karani wake, huapa kwamba yeye ndiye aliyevuruga mambo, hulia kidogo, hufukuzwa kazi mbele za watu, kisha hupokea chake kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amefukuzwa na mawakili wengi kuliko walioko mjini, maana wengine walimfukuza mara mbili.

"Wakili, pole na msiba," alisema akimsogelea.

"Msiba gani?"

"Rufaa yako. Imefariki ukiwa kwenye simu."

Wakili alikaa chini bila kuangalia kama kuna benchi. Rufaa ilikuwa ya shangazi yake, fundi cherehani. Mwenye jengo alitaka kumtoa katika chumba alichoshonea nguo miaka yote, chumba kilichomsomesha wakili huyuhuyu mpaka akavaa joho. Rufaa ikibaki imetupwa, vyerehani vingetupwa barabarani.

"Nitamwambia nini shangazi?"

"Mwambie karani wako ni mpumbavu."

"Sina karani."

"Sasa unaye."

Wakapatana malipo yawe baada ya kazi. Samahani hakupenda utaratibu huo, lakini uso wa wakili ulikuwa wa mtu asiyejua kudanganya.

Siku ya kusikilizwa ombi la kuirejesha rufaa, shangazi alikaa mbele, pini bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Samahani alipanda kizimbani katika shati alilolikunja kwa makusudi. Akaapa. Akaeleza jinsi alivyomwelekeza bosi wake kwenye chumba cha mahakama kisicho cha kesi hiyo, na jinsi usingizi ulivyomkimbia tangu siku hiyo. Machozi yakaja, tena ya daraja la kwanza. Shangazi naye akatoa leso.

Hapo ndipo sanaa ilipomlevya. Wakili wa mwenye jengo aliposimama kudai gharama za usumbufu, Samahani, badala ya kunyamaza kama desturi yake, alijipiga kifua.

"Mheshimiwa Jaji, hasara yote iwe juu yangu. Mama huyu asiumie kwa ujinga wangu."

Jaji alivua miwani. Akasema rufaa inarejeshwa, kwa kuwa si haki mteja aadhibiwe kwa kosa la ofisi ya wakili wake. Kuhusu gharama, mahakama inampongeza karani kwa uungwana wake, na atazilipa kama alivyojitolea.

Samahani alishuka kizimbani akipiga hesabu. Kukana kungekuwa kukiri kwamba ameapa uongo, na kwa kosa hilo mtu hulala ndani. Koridoni alimvuta wakili pembeni.

"Nifukuze upesi, unipe changu, niende zangu."

Wakili akakohoa, akapaza sauti. "Kuanzia leo huna kazi kwangu."

"Anayo," ilijibu sauti nyuma yao. Shangazi alikuwa amesimama pale, macho mekundu. "Mwanangu, mtu analia hivyo kwa kosa lake, wewe unamfukuza? Ulipounguza sare za wateja wangu kwa pasi, nilikufukuza?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mlipie hizo gharama, umkate kidogo kidogo kwenye mshahara."

Wakili alimtazama shangazi, akamtazama Samahani, na uso wake ukaonyesha kwamba kudanganya alikuwa amekwisha kujifunza.

"Nimekusikia, shangazi. Nilikuwa natafuta karani siku nyingi."

"Na malipo yangu?" Samahani alinong'ona.

"Malipo ya nini? Ya kunipoteza mahakamani?"

Shangazi akamshika Samahani mkono. "Usiogope, baba. Nimekusamehe."

Katika kazi yake Samahani alikuwa ametukanwa, amesukumwa, hata kutemewa mate, na yote hayo alijua kuyakwepa. Kusamehewa hakukuwahi kumpata, na hakujua mtu hulikimbiaje jambo hilo. Akaupokea mkoba wa wakili, akawafuata nyuma hadi nje.